Watunzaji wa Kumbukumbu za Thika

Msafiri atokaye Mwihoko kwa njia ya Ruiru akafika Thika, mji ulio karibu na mito ya Chania na Thika, aghalabu huyastaajabia maporomoko ya maji na hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908, asiwaone wale wanaoziokoa kumbukumbu za mji huo na magugu. Hao ndio wafagiao bustani ya Mugumo, uliposimama mti ambao, kwa masimulizi ya Wakikuyu, nabii Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba kuanguka kwake kutakuwa alama ya kuondoka Waingereza. Nao ukaanguka mwaka 1963, ijapokuwa watawala, kama isimuliwavyo, walikuwa wameuimarisha kwa chuma. Masika hurudisha nyasi, na fyekeo halina budi kurudi. Jua hufifisha maandishi ya jiwe la kumbukumbu, na mtu hupiga magoti na kopo la rangi, akaifuata kila herufi kwa hadhari kubwa, kwani tarehe moja ikikosewa, wanafunzi wataondoka na uwongo daftarini. Nionavyo mimi, kazi hiyo ni nusu ya tarikhi yenyewe. Basi ewe mpitaji, watolee salamu, wala usichore jina lako juu ya jiwe walilolisafisha.