Neno la Kuliliwa

Juzi nilikuwa nafasiri hadithi fupi ya Kiingereza, nikakwama kwenye sentensi ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeipita mbio. Mzee anainua mkono kumuaga mwanawe, na mwandishi ameuita mkono huo feeble. Nikaandika "mkono dhaifu". Nikausoma tena: ulikuwa mkono wa kwenye cheti cha daktari.

Hapo ndipo huwakumbuka watunga kamusi, mafundi ambao hatuwashukuru, tunawakosoa tu. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kuchapishwa kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, ilijengwa kwa mamilioni ya vijikaratasi, kila kimoja kikiwa na sentensi iliyonakiliwa kutoka kitabuni. Unatandaza vijikaratasi vya neno moja mezani, unatazama linatembea na nani.

Feeble hutembea na watu wa kila aina: mapigo ya moyo ya mgonjwa, mwanga wa mshumaa, kisingizio, hata mzaha. Kiswahili hakiwapi wote hao joho moja. Mwanga kwetu ni hafifu, au unafifia. Kisingizio ni cha kitoto. Mgonjwa amenyong'onyea, na hapo kitenzi kimebeba mzigo ambao Mwingereza aliutwika kivumishi. Mzaha wa namna hiyo bado sijaupatia neno. Ni ule ambao watu huuchekea kwa adabu tu.

Na nyonge? Ni mtego. Tunaposema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, mtu huyo anaweza kuwa na mabega ya mpagazi wa bandarini; alichokosa ni wa kumsikiliza. Feeble haidai haki ya mtu yeyote.

Fundi wa maneno huuliza pia asili. Hili lilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, flebilis, yaani cha kuliliwa, na mzizi wake ni kitenzi cha kutoa machozi. Machozi yakakaukia njiani. Siku hizi mara nyingi limebaki na dharau, na liliwahi kufanyiwa kazi mbaya zaidi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 ililitumia kutaja kundi mojawapo la watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu, ambao wangeweza kufungiwa kwenye taasisi.

Shakespeare alikuwa amekwisha kulichezea. Katika sehemu ya pili ya tamthilia yake Henry IV, Falstaff anaandikisha askari vijijini, na mmoja wao anaitwa Feeble, mshonaji wa nguo za wanawake. Jina lenyewe ni kichekesho, na ukumbi unangoja kumcheka. Kumbe Mouldy na Bullcalf, ambao ndio wangefaa vitani, wanatoa hongo waachwe. Mshonaji anakwenda, wala hana kinyongo. Kila nikilifikia neno hili humwona yeye, kidole kimechomwachomwa na sindano, anasimama kwenye mstari.

Basi nikalifuta "dhaifu". Mzee wangu sasa anainua mkono, unafika nusu ya njia, unarudi pajani. Mhariri ameniandikia pembeni akiuliza kivumishi kimekwenda wapi.