Majina ya Vyombo vya Udongo

Wataalamu wa mambo ya kale wametenda kazi njema katika nchi zetu. Lakini katika kuvipa vyombo vya udongo majina, yafaa tuwakosoe kwa adabu, na sisi walimu tujikosoe pamoja nao.

Mto Mkondoa, upitao Kilosa, huingia Wami. Na karibu na Wami, huko Dakawa, vimefukuliwa vigae vya kale na mabaki ya kazi ya chuma, ambavyo Haaland na Msuya waliandika habari zake mwaka 2000. Pwani nayo, tangu Kenya hata Msumbiji, imetoa vigae vingi vya karne ya 7 hata ya 9 hivi, vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni kabla ya kuchomwa. Phillipson, mwaka 1979, aliviita vya Wenje. Horton akaviita vya Tana. Chami, mwaka 1994, akaviita kwa pembetatu zake. Majina matatu kwa chombo kimoja! Jina la mahali humfanya msomaji adhani ya kuwa chombo kilianzia pale kilipookotwa kwanza. Jina la pambo ni bora, kwa kuwa pambo laonekana kwa macho. Lakini hakuna hata moja litwambialo kama chombo kilipikiwa chakula au kilitekewa maji.

Wayunani walifanya vingine: neno lao hydria latokana na maji, na krater latokana na kuchanganya, maana ndani yake divai ilichanganywa na maji. Waswahili nao vivyo hivyo: chungu cha kupikia, mtungi wa maji, kaango la kukaangia, mkungu wa kufunikia, chetezo cha kufukizia. Umbo hufuata kazi. Mdomo mpana humpa mpishi nafasi ya kukoroga. Shingo nyembamba huzuia maji yasimwagike njiani. Na mtungi ukitoka jasho, jasho likikauka, maji hupoa.

Watajibu ya kuwa kigae kidogo hakisemi kazi yake. Ni kweli mara nyingi. Walakini masizi yaliyoganda na upana wa mdomo ni mashahidi, nao wapasa kuulizwa kabla ya mapambo.

Nasi je? Shuleni twapanga vyombo rafuni, kisha twaandika “chungu” juu ya vyote. Last alitoa sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Lakini maneno ya ufinyanzi yamo vinywani mwa wanawake wafinyao, na sufuria na ndoo za plastiki zayapunguza kila siku. Basi mwalimu wa Kilosa aende kwa mama mfinyanzi, Msagara au Mkaguru, amwamkie kwa heshima, amwulize jina la kila chombo, na la mdomo, shingo na tumbo lake, akaandike kama alivyosikia.

Wahenga walisema, mfinyanzi hulia gaeni. Vitabu vyetu vimehifadhi gae. Jina alilolitamka mfinyanzi bado halijaandikwa.