Kioo si akiba: Kasoro ya kuyaita yote 'nakala'

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili ameniletea rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Kiswahili chake kinatiririka, hongera kwake. Hata hivyo, sura ya kufufua hazina iliyoharibika ina dosari: kila kitu ni 'nakala'.

Tazama agizo hili: "Kabla ya kuanza, weka nakala." Nakala ya nini, na wapi? Mwongozo asilia unamtaka mtu ainakili kwanza hazina ile ile mbovu, aiweke kando, ndipo atibu. Lakini msomaji aliyechanganyikiwa usiku wa manane anaweza kuleta nakala nzima kutoka kwingine na kuifunika ile mbovu. Hapo kazi ya jana, ambayo haikuwa imefika kwingine, imekwenda!

Nilipomuuliza, alinijibu, "Lakini Prof, muktadha utawaelekeza." La hasha! Muktadha haukuwaelekeza hata mabingwa.

Mnamo Machi 2013, mradi wa KDE ulikaribia kupoteza hazina zipatazo 1,500. Seva kuu ilipowashwa upya, mfumo wake wa faili ulikuwa umeharibika. Seva nyingine zilizoitwa vioo zilifanya kazi ya kioo hasa: ziliiga uharibifu ule ule. Kilichowaokoa ni seva moja ambayo haikuwa imeiga kasoro hiyo. Ilikuwa bahati, si mpango.

Kwa hivyo napendekeza tutofautishe. 'Kioo' ni kile kinachofuata kila badiliko, zuri kwa baya. 'Akiba' ni iliyotengwa, isiyofuata mabadiliko papo hapo. 'Nakala kamili' ni ile iliyo katika kompyuta ya mwenzako pamoja na historia yote. Humo ndimo vipande vilivyopotea hutolewa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kidijitali huoza, tena kimyakimya, isipokaguliwa. Ndiyo maana Git hukipa kila kipande alama inayotokana na yaliyomo, na amri ya git fsck hubainisha kisicholingana na alama yake.

Mwanafunzi amerudi kuandika upya. Agizo lake sasa lasomeka: "Nakili hazina mbovu yote, uitenge, kisha ukague." Maneno machache zaidi, lakini hakuna atakayepoteza kazi yake kwa kuyafuata.