Picha ya Jumamosi

Kila Jumamosi baada ya sala ya Isha nyumba yetu, hapa Ng'ambo mjini Unguja, huingia katika mabishano yasiyo na mshindi. Tunabishana tutazame picha ya aina gani. Mjukuu wangu wa kiume ana miaka kumi na mitano, anataka ya ngumi. Dada yake anataka ya mapenzi, ingawa mbele yangu huiita "ya maisha". Mama yao hurudi kazini amechoka, anataka ya kuchekesha, na kabla haijafika nusu huwa ameshalala. Mimi nilisomesha watoto miaka thelathini na moja, na ule ugonjwa wa kutaka kila jambo liwe na faida haujanitoka, kwa hiyo nataka picha nzuri. Nikiulizwa nzuri ndiyo ipi, naanza hotuba, nao wanaanza kutazama simu zao. Mama yangu, aliyekwisha kuvuka miaka themanini, hukaa kwenye kiti chake karibu na mlango na kusema yale yale kila wiki: "Wekeni mtakayo. Mimi natazama watu tu."

Kwa muda mrefu niliyachukulia maneno hayo kuwa ya mtu mzima aliyechoka na kelele. Siku hizi naona kuwa katika nyumba nzima ni yeye peke yake mwenye hoja.

Tulipokuwa watoto hatukuuliza habari ya aina. Mjini palikuwa na Majestic, Empire na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ilibadilishwa jina ikawa Cine Afrique. Mtu aliuliza picha ni ya wapi na nani anacheza. Ikiwa ni ya Kihindi, basi aina zote zilikuwamo ndani yake kama viungo ndani ya pilau: kicheko, ngumi, nyimbo, mvua, kesi mahakamani, na kilio cha kutosha kulowesha kanga. Ilichukua saa tatu au karibu yake, na kila mtu katika familia alipata fungu lake. Baba alingoja ngumi, sisi tulingoja nyimbo, na mama zetu walingoja kulia, wakalia kweli, wakatoka wamepumua. Kanuni ilikuwa moja tu, na kila mtoto aliijua: stelingi hafi. Anayekufa ni adui, tena mwishoni.

Mikanda ya video ndiyo iliyoanza kutugawa, katika miaka ya 1980. Kwenye duka la kukodisha mikanda ilipangwa kwa rafu, huku za ngumi, kule za mapenzi, na za kutisha juu kabisa ambako watoto hawafiki. Leo televisheni imeunganishwa na intaneti na rafu zimekuwa nyingi kuliko picha tunazoweza kuzimaliza. Siichukii intaneti, maana imetuletea picha tulizodhani zimezikwa. Lakini majina yale ya aina yanaeleza kitakachotokea kwenye kioo, basi. Nani amekaa mbele ya kioo, na ana nini moyoni, rafu haiwezi kujua.

Jumamosi moja zamu ya kuchagua ilikuwa ya mjukuu wangu. Akapekua katika picha za ngumi, akafika kwa Amitabh Bachchan aliyevaa shati la buluu lililofungwa fundo kiunoni, kamba begani, akasema, "Bibi, hii." Ilikuwa Deewaar, ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Yash Chopra. Mimi nilijua kilichomo. Ningeweza kumwambia tafuta nyingine, hii si ya leo. Nikanyamaza, na sababu ya kunyamaza nitaieleza.

Kwa yule asiyeijua, hii ni hadithi ya ndugu wawili. Baba yao ni kiongozi wa wafanyakazi ambaye analazimishwa na tajiri kusaliti wenzake ili kuokoa familia yake, kisha anakimbia kwa aibu. Watu wanamkamata mtoto mkubwa, Vijay, na kumchanja mkononi maneno kwamba baba yake ni mwizi. Mama anawachukua watoto mpaka Bombay na kubeba matofali kwenye majengo ya watu. Mkubwa anang'arisha viatu ili mdogo asome. Wakikua, mkubwa anaingia katika magendo na kuwa tajiri, na mdogo, Ravi, anayechezwa na Shashi Kapoor, anakuwa polisi. Baada ya hapo msomaji ataona mwenyewe ukuta unajengwa wapi, na ukuta ndiyo maana ya jina la picha.

Mjukuu wangu alipata alichokitaka. Pale ambapo maadui wanamtafuta Vijay mji mzima na kumkuta ameketi ndani ya ghala lao wenyewe, akafunga mlango na kumrushia mmoja wao ufunguo amwekee, yule mtoto aliruka juu kama goli limeingia. Nami nakiri kuwa baada ya miaka hii yote bado nilifurahi. Upande wa mapenzi haukuniridhisha, haukuniridhisha hata zamani. Nyimbo ni chache, na hizo chache zimekaa kama wageni waliokosea nyumba.

Kuna jambo ambalo sisi wa pwani tulilipokea kwa namna yetu. Vijay anapokuwa mchukuzi bandarini anapewa beji yenye namba 786, na mzee Mwislamu wa hapo bandarini anamweleza heshima ya namba hiyo. Yeye, ambaye hakubali kukanyaga hekalu la mamake, anaitunza beji ya dini isiyokuwa yake, nayo inamkinga na risasi. Mama yangu hajui kusoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na mimi ndiye ninayemnong'onezea, lakini namba ile aliitambua mwenyewe kwa kuwa ni hesabu ya Bismillahi. Akasogeza kiti. Tangu hapo hakusinzia tena.

Nilipoona amesogea, nikaanza kuogopa.

Katika picha ile kuna mahali ambapo Vijay analinunua jengo zima kwa bei ya kupita kiasi, kwa sababu mamake aliwahi kubeba matofali yake. Kisha mama anajua fedha zimetoka wapi, anaiacha nyumba kubwa ya mwanawe na kutoka na yule mdogo mwenye mshahara. Sasa msomaji nimwambie. Mimi nina kaka, mkubwa wangu, aliyekwenda Maskati mwaka 1979, na katika miaka migumu tulikula kwa jasho lake. Mwaka 1998 alileta fedha za kuezeka upya nyumba hii. Kabla fundi hajapanda juu, mtu aliyerudi kutoka huko akamwambia mama kuwa mwanawe siku hizi anakopesha watu kwa riba. Mama hakuuliza mara mbili. Akaniambia nikae niandike barua, na fedha zirudi zilikotoka. Paa lilivuja masika mawili. Toka siku hiyo wao wawili walikuwa wakisalimiana Idi kwa Idi, kwa kupitia midomo ya watu.

Basi nilinyamaza Jumamosi ile kwa sababu nilitaka picha inisemee. Nilikumbuka mwisho wake. Yule mama anakwenda hekaluni kumngojea mwana aliyepotea, na mwana anafika na risasi mwilini na kufa mikononi mwake. Stelingi anakufa, na ndiyo maana hadithi hii iliwashangaza watu. Nilidhani mama akiona hayo moyo utalainika bila ya mimi kufungua kinywa. Ni hila ya kimwalimu, kumpa mwanafunzi hadithi na kumwacha agundue somo lililokwisha kupangwa, na kwa mama yangu mzazi sikupaswa kuifanya.

Hata mimi nilikuwa na wangu niliyemngojea. Ravi anampiga risasi ya mguu kijana mdogo anayekimbia, halafu anagundua kuwa aliiba mkate tu. Anakwenda kwao na chakula, na baba wa yule kijana ni mwalimu mstaafu. Mkewe anapiga kelele kwamba wezi wakubwa wanaachwa, na mwalimu anamwambia polisi kuwa amefanya haki, wizi ni wizi. Hapo ndipo Ravi anapoamua kumwandama kaka yake. Nilipokuwa kazini niliipenda sehemu hii kuliko zote. Safari hii nilimtazama yule mwalimu nikaona ni rahisi sana kwake. Sheria anaijua, lakini mtoto mwenye jeraha ni wake mwenyewe, na mwalimu anaizungumzia haki kana kwamba mguu ni wa jirani.

Ikafika bunduki. Mama anampa Ravi silaha kwa mkono wake na kumwombea mkono usitetemeke, kisha anakwenda zake hekaluni. Watu wengi wameisifu sehemu hii. Picha ilipokwisha, mjukuu wangu akasema stelingi hakustahili kufa. Binti yangu, kwa mara ya kwanza mwaka huo, alikuwa macho. Mama yangu akakaa kimya mpaka maandishi yote yakapita, halafu akasema, "Yule wa zamani alipiga mwenyewe. Huyu kamtuma mtoto."

Ilinichukua muda kujua yule wa zamani ni nani. Alikuwa akisema juu ya Mother India, ya Mehboob Khan, iliyotoka mwaka 1957, ambayo alikwenda kuiona mara nyingi, mara nyingine na mimi mapajani. Ndani yake Nargis ni mkulima anayelea watoto peke yake huku mkopeshaji wa kijiji akila mavuno yao kwa riba ya deni la rupia mia tano. Mtoto mmoja anageuka jambazi, anamuua mkopeshaji na kumteka binti yake. Mama anashika bunduki na kumuua mwanawe, kisha anamkimbilia na kumpakata. Waandishi wa filamu wamekwisha kusema kwamba Deewaar ni mtoto wa Mother India. Mimi nilizisoma habari hizo nikaona zimetosha. Lakini sijaona aliyeeleza tofauti yao kama alivyoieleza mama kwa sentensi mbili, bila kujua Kihindi. Katika ile ya kwanza anayetoa hukumu ndiye anayeibeba. Katika ya pili hukumu inatolewa na mmoja na kutekelezwa na mwingine, na mwenye kuitoa anapata nafasi ya kwenda kusali. Toka siku hiyo naiona Deewaar kuwa imeshonwa kwa ustadi zaidi, na Mother India kuwa na ujasiri zaidi, na ningeulizwa nibaki na moja ningebaki na hiyo ya zamani, pamoja na matope yake yote na nyimbo zake zisizokwisha.

Mama alikuwa bado hajamaliza. Watoto walipokwenda kulala aliniuliza, "Ile barua uliandika nini?"

Nikamwambia niliandika aliyoniambia. Akanitazama kwa namna anavyotazama watu kwenye kioo. Ndipo nikasema kweli. Yeye aliniambia niandike kwamba fedha hizi hatuzitumii na kwamba anamwombea. Mimi, kwa hati yangu nzuri ya ubaoni, niliongeza kuwa baba angekuwa hai angeona haya. Hayo mama hakuyasema. Kaka yangu ameishi na maneno hayo miaka yote akidhani yametoka kwa mama.

Hakunigombeza. Aliuliza Maskati ni saa ngapi. Nikasema wako mbele yetu kwa saa moja, watakuwa wamelala. Akasema, "Basi kesho. Na usinisemee."

Kesho yake nilibonyeza namba, nikamwekea simu sikioni, nikatoka uani kwa makusudi kufua nguo ambazo zilikwisha kufuliwa. Walizungumza muda mrefu. Nilimsikia mama akicheka mara moja, na mara moja akinyamaza sana. Mimi zamu yangu ya kumpigia kaka sijaitimiza. Nimeandika barua mbili na kuzichana, maana hati inazidi kuwa nzuri kila ninapoongopa.

Jumamosi iliyofuata mjukuu wangu alikaa mbele ya televisheni mapema, akauliza kama kuna nyingine ya ngumi kama ile. Mama akasema yeye safari hii anataka ya kuchekesha.