Utabiri wa Protini

Nimesoma makala nyingi za watafiti kuhusu protini zinazodaiwa kutabiri mwisho wa mgonjwa wa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Lalamiko langu ni moja: nyingi hutabiri jambo ambalo mgonjwa wa huku Sigi, chini ya Amani, hahitaji kutabiriwa.

Si haki kukosoa kitu kabla ya kukieleza. Kinyama hukatwa kwenye uvimbe, huhifadhiwa katika formalini, huzamishwa kwenye nta, kisha hukatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi inayoshika protini moja tu. Protini ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, huzuia seli iliyodhurika isigawanyike. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu hurundikana na rangi hukolea. Ki-67 huonyesha seli zinazogawanyika. Mtafiti huhesabu seli zilizoshika rangi, huwagawa wagonjwa, wenye nyingi huku na wenye chache kule, kisha hutazama nani walitangulia kufa.

Hapo ndipo penye mushkeli. Mara nyingi mpaka kati ya nyingi na chache huwekwa baada ya matokeo kujulikana. Mpiga ramli anayengoja mvua inyeshe ndipo aitabiri, atakosea lini? Masharti ya REMARK ya mwaka 2005 yalimtaka mwandishi aeleze mpaka wake aliupataje, lakini bado majibu kuhusu p53 yanapingana. Isitoshe, saratani ya umio iliyoenea ukanda wetu, toka Ethiopia hadi Afrika Kusini, ni ya seli bapa, na ndani yake jeni ya p53 imeharibika kwa wagonjwa walio wengi. Alama iliyo karibu kwa kila mtu haimtenganishi yeyote.

PD-L1 naiheshimu zaidi, kwa kuwa humsaidia daktari kuchagua dawa. Katika jaribio la KEYNOTE-590, lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa wa seli bapa wenye kiwango cha 10 au zaidi walipewa pembrolizumab pamoja na dawa za kawaida; nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13.9, dhidi ya miezi 8.8 kwa waliopewa dawa za kawaida peke yake. Ni faida ya kweli, ila bei yake haifikiwi na mkulima wa iliki.

Na kinyama chenyewe? Kikikaa formalini muda mrefu mno kikisubiri safari ya maabara, protini hujifunga na rangi hukataa kushika. Msomaji wa jibu ataandika "hakuna", kumbe ipo. Makala chache mno hueleza kinyama kilikaa humo siku ngapi. Mimi hutafuta sentensi hiyo kwanza, na nisipoiona hupunguza imani.

Huku kwetu mtu hushindwa kwanza ugali, akaongeza mchuzi. Kisha hushindwa wali, akabaki na uji. Maji yakianza kurudi ndipo nauli ya Muheza inachangwa. Wakati huo uvimbe umekwisha kuziba njia. Protini ninayoitamani ni ile itakayoonekana katika tone la damu wakati ugali bado unapita. Hiyo, katika makala nilizosoma, hutajwa kwenye aya ya mwisho tu, kama kazi ya watafiti wajao.