Heko Swahili Fashion Week

Tangu mwaka 2008, Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam, wabunifu wa mavazi wa Afrika Mashariki wamepata jukwaa la kuoneshea kazi zao nyumbani. Kwa hilo pekee waandaaji wanastahili pongezi.

Lakini faida kubwa humfikia fundi cherehani anayekaa kutazama. Kanga aliyoizoea kiunoni na mabegani, yenye pindo, mji na jina, huiona jukwaani ikiwa gauni au koti, na maswali humjia papo hapo. Pindo likae chini ya sketi au lizunguke shingo? Jina lisomeke mgongoni au lifichwe kwenye mkunjo? Kitenge, kikoi na batiki navyo vina maswali yake. Akirudi kwenye cherehani yake, hana haja ya kunakili mshono wa mtu, kwa kuwa ameshaona kwamba kitambaa kimoja kina njia nyingi za kukatwa.

Nawapongeza pia waandaaji kwa kuwapa nafasi wabunifu chipukizi. Hassanali mwenyewe alisomea udaktari kabla ya kuugeukia ubunifu. Kwa hiyo kijana anayeanza na mkasi mmoja asijione amechelewa.

Enyi mafundi wa Kariakoo, Mwanza na Mombasa, nendeni mkatazame, daftari mkononi. Nasi wateja tununue kazi za wabunifu wetu, maana makofi peke yake hayalipi kodi ya fremu.