Mfalme Asiye Mwovu: Kejeli ya Kufikirika Ilivyojengwa

Kejeli haipendi kungojeshwa. Mlengwa akishakufa au akishang'olewa kitini, kicheko hukosa pa kutua. Kwa hesabu hiyo Kufikirika ya Shaaban Robert ilipaswa kufika ikiwa imechacha. Iliandikwa miaka ya 1940, Tanganyika ikiwa mikononi mwa Waingereza. Mwandishi akafariki Juni 1962. Oxford University Press wakaitoa Nairobi mwaka 1967, wakati Mwingereza alikwisha funga virago, Tanganyika imeshaungana na Zanzibar, na Azimio la Arusha limetangazwa. Waliokuwa wakisemwa hawapo, msemaji naye hayupo. Lakini kitabu kiliuma, na mimi ninayekisoma Uvira, upande huu wa Ziwa Tanganyika, bado kinaniuma.

Tuanze na sauti ya msimulizi. Shaaban Robert aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, kwanza idara ya forodha, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ikapita kwenye ofisi za wakoloni. Aliijua lugha ya faili. Ndiyo maana nchi ya Kufikirika inafunguliwa kama ripoti ya bwana shauri: ukubwa wake, mipaka yake, majirani zake, wenye majina kama Anasa na Majaribu. Hakuna kukonyeza jicho. Msimulizi anasema upuuzi kwa adabu ya karani aliyenyoosha tai, na msomaji anaachiwa peke yake kazi ya kucheka. Wachekeshaji wengi wanashindwa hapo. Wanacheka kabla yetu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mfalme hana mtoto, na ufalme hauna mrithi. Anaitisha waganga wa nchi, nao wanakuja kwa makundi: wa mizizi, wa makafara, wa mazinguo, wa hirizi, wa mashetani, na mwisho watabiri. Kila kundi linapewa nafasi yake na heshima yake. Mwandishi angeweza kutaja makundi mawili akamaliza, lakini anatupitisha kote, na kule kurudiarudia ndiko kunakofanya kazi. Mara ya kwanza unamwonea mfalme huruma. Baadaye unaanza kuona utaratibu: shida haipungui, ila orodha ya wataalamu inarefuka. Aliyekuwa Uvira baada ya mafuriko ya Aprili 2020, akaona magari ya tathmini yakipishana huku mto Mulongwe ukibaki Mulongwe, hahitaji kufafanuliwa.

Sasa tazama mfalme mwenyewe, kwa maana hapa ndipo ufundi ulipo. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951 na kwa hiyo ikawafikia wasomaji miaka 16 kabla ya nduguye, Shaaban Robert alimweka mbaya wa wazi: Majivuno, waziri mwenye husuda, anayemshitaki Karama kwa kuwafundisha watu sheria. Ni kisa kizuri, lakini kinatupa raha ya bure. Tunamchukia Majivuno, tunampenda Karama, tunalala. Kufikirika inatunyima raha hiyo. Mfalme wake si dhalimu wa kuogofya wala mlafi. Ni mzazi anayetamani mtoto. Anataka ushauri, anasikiliza, analipa. Kila hatua yake, ukiitazama peke yake, ungeweza kuitetea mbele ya wazee. Na kwa hatua hizo hizo nzuri nchi inafika mahali pa kutafuta watu wa kuchinja.

Maana utabiri unatimia, mtoto anazaliwa, kisha anaugua, na dawa iliyoagizwa ni kafara la watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Hebu lisome agizo hilo kama karani anayetakiwa kulitekeleza. Atampata wapi mjinga aliyekubaliwa na wote kuwa mjinga? Kila atakayekamatwa atajitetea. Akijitetea vibaya, amethibitisha ujinga wake. Akijitetea vizuri mno, ameonyesha werevu, na nafasi ya pili ilikuwa bado wazi. Mwandishi hapigi kelele kwamba serikali hii imerukwa na akili. Anaandika agizo safi, lenye vigezo, kisha anaacha vigezo vifanye fujo vyenyewe. Mkoloni akililalamikia, angelazimika kueleza ni kwa nini amejiona katika mfalme wa nchi isiyokuwepo. Mzalendo wa 1967 naye alikuwa katika mtego uleule.

Ng'ambo ya pili ya nchi yetu, Brazzaville, Sony Labou Tansi naye alijitungia nchi, Katamalanasie, katika La Vie et demie ya 1979, na riwaya yake ya mwisho ikachapishwa mwaka 1995 baada ya kifo chake. Vijana wetu, ambao sekondari wamesomeshwa kwa Kifaransa, humfahamu huyo zaidi. Njia zao hazifanani. Sony humwaga damu, hupindua miili, dikteta wake anaua kila ukurasa. Shaaban Robert hajapandisha sauti hata mara moja. Nawapenda wote wawili, ila kama mtu ananiuliza ni nani angepita salama mezani kwa mkaguzi, jibu ni la wazi.

Gharama ipo. Watu wa Kufikirika ni wembamba. Mwalimu Utubusara Ujingahasara amebeba fundisho lake katika jina kabla hajafungua kinywa, na akifungua anahutubia. Malkia, ambaye mwili wake ndio uwanja wa mizizi na hirizi zote hizo, hana nafasi inayomstahili. Kejeli inayoona upofu wa wataalamu haikuuona huo. Na kafara linapoangushwa kwa hoja badala ya uasi, hoja zenyewe zinarefuka kuliko subira yangu. Mhariri mkali angepunguza, lakini kwa kazi ya marehemu mhariri hana wa kubishana naye, na pengine ni heri, kwa sababu mhariri huyo huyo angeanza kwa kukata makundi matatu ya waganga.